Ubao Nilioukata

Bi Riziki amefariki mwezi uliopita, keshapita miaka tisini, kitandani pake, mchana kweupe, baada ya kunywa uji wa pilipili manga akataka wa pili. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilipofika msibani nikatiwa katikati ya wanawake, nikapewa juzuu yangu nisome, na wallahi macho yalikuwa juu ya herufi lakini sikusoma hata aya moja. Mimi mtu wa miaka hamsini na sita, nimeshaoza mabinti, wajukuu wananiita bibi, nimejikunja pale kama msichana anayengoja kuchapwa. Baina yangu na marehemu kulikuwa na jambo ambalo tulilijua sisi wawili tu, na sasa nimebaki peke yangu. Nalisema hapa mwanzoni kabla sijaogopa nikarudi nyuma, maana kuogopa nimekuzoea mno. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilichukua ubao wa msikiti wa kukoshea maiti, bila ya kujua kuwa ndio, nikaukata kwa msumeno nikatengeneza meza. Halafu nikajua. Halafu nikanyamaza. Nilikotoka, nani kanioza, nani baba wa nani, hayo nayaacha. Hayana kosa lolote.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Malindi, karibu na Darajani, nyumba ya zamani ya mawe, sisi juu na Bi Riziki chini. Chumba chetu kilikuwa kirefu chembamba, boriti za dari zimeinama kidogo, na kuta nene hata dirisha likawa na nafasi ya mtu kukaa na kukunja miguu. Asubuhi jua liliingia hapo kwa muda mdogo tu, halafu nyumba ya mbele ikalizuia, na muda huo ndio niliokuwa nikiutumia kushona kofia. Kofia ndizo zilizovifundisha vidole vyangu: kitundu kimoja kimoja, kila kimoja ukizungushie uzi mpaka kikaze, na ukikosea kimoja kofia nzima inakucheka. Mume wangu Machano alikuwa Mtumbatu, mvuvi, mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha jirani. Ngazi yetu ilikuwa kali na ya giza, na Bi Riziki magoti yalikuwa yakimsumbua, kwa hivyo yeye hakupanda. Mimi ndiye niliyeshuka. Machano akiwa baharini nilikula kwake kila mchana, muhogo wa nazi, mchuzi wa papa, siku nyengine wali na mchicha tu, naye akinipakulia mimi kwanza kwa sababu nilikuwa na mimba. Alikuwa mkosha maiti wa mtaa. Mwanamke akifariki, Bi Riziki huitwa kabla hata ya ndugu wa mbali kupelekewa habari. Nikimkumbuka sasa naona alikuwa na umri kama wangu wa leo, lakini mimi wakati ule nilimwona mzee kabisa. Nilimpenda, na nilimwogopa. Akinipa sahani nilikuwa naitazama mikono yake kabla ya kuitazama sahani, nikiwaza ilikuwa wapi asubuhi.

Siku moja Machano alirudi na kitu kimefungwa kwa kipande cha gazeti. Alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye boti inayochukua wageni kuvua, na mgeni mmoja alikitupa.

"Hebu tazama dude hili," akaniambia. "Linafungwa kwenye mshipi, boti inalikokota, jodari anadhani dagaa."

Ilikuwa ndoana iliyofungwa manyoya meupe na nyuzi za kumeta, imetafunwa nusu.

"Na jodari hajui kama haya ni manyoya ya kuku?"

"Jodari kasoma wapi?" Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Wewe huwezi kufunga kama hili? Vidole vyako vile."

Ah, kuniuliza mimi kama siwezi! Nikalifumua uzi kwa uzi, kama nilivyokuwa nikifumua kofia ya mtu mwengine nikitaka kuiba nakshi yake. Nikajua lilivyoanzwa na lilivyomalizwa. Manyoya ya jogoo nikayapata kwa muuza kuku wa Darajani, ya kanga nikaletewa kutoka shamba, nyuzi za kumeta nikazichomoa kwenye zari ya nguo yangu ya harusi, na fundo la mwisho nikalipaka rangi ya kucha lisifunguke. Chambo cha kwanza nilikifunga nimekipakata mapajani, na ndoana ikanizama kwenye kidole gumba mpaka Machano akalazimika kuikata kwa koleo. Nikasema, hapana, kazi hii inataka meza. Meza ndogo ya kukaa dirishani pale penye jua, yenye kitu cha kubana ndoana ili mikono yangu miwili ibakie na uzi.

Nyuma ya msikiti wetu mafundi walikuwa wakitengeneza paa. Walikuwa wametupa chungu ya boriti zilizooza na vipande vya mbao, na hatua chache pembeni, umeegemezwa ukutani juani, palikuwa na ubao mmoja wa msaji, mrefu kuliko mimi, umelainika kwa kushikwashikwa miaka mingi. Ulikuwa na vitundu mistari mitatu, vimetobolewa kwa mpango. Nikaunusa, unanuka karafuu maiti. Sasa jamani, jina lenyewe lilikuwa likiniambia, na mimi nikawaza sanduku la nguo, kwa sababu bibi yangu alikuwa akitia karafuu maiti kwenye nguo zake zisiliwe na wadudu. Misiba nilikuwa nimekwenda mingi, lakini sisi wasichana hatukuwa tukiingizwa chumba cha kukoshea. Ubao ule sikupata kuuona hata siku moja. Nikamuuliza fundi mmoja aliyekuwa akila chapati, "Fundi, mbao hizi zinatupwa?" Akanijibu bila ya kugeuka, "Chukua dada, utupunguzie kazi." Yeye alikuwa akisema chungu ile. Mimi nikajitwisha ubao.

Haukuingia dirishani. Nikaazima msumeno, nikapima shibiri mbili kutoka mwishoni, nikaanza kukata. Msaji mgumu, na mimi si fundi. Nilikata asubuhi nzima, mara nimekaa, mara nimepiga goti, tumbo langu la miezi mitano linanizuia, na mstari ukaenda kombo. Miguu niliifanya kwa vipande vya boriti, nikapigilia misumari kwa mchi wa kinu kwa sababu nyundo sikuwa nayo. Koleo la Machano nikalisimamisha ukingoni, nikalikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, likawa linabana ndoana halitikisiki. Na vile vitundu, mashaallah, nilivifurahia! Nikatia vijiti kwenye vitundu, kila kijiti na kidonge chake cha uzi, mweupe, mwekundu, buluu, nikawa navuta uzi niutakao. Nikakaa mbele ya meza yangu nikajiona sultani. Kile kipande cha shibiri mbili nikakipasua kuni, nikapikia muhogo kwa Bi Riziki uani. Tukala sote wawili. Aliusifu moto.

Wiki mbili nilifunga vyambo, na Machano akavipeleka, na akarudi na nguru wakubwa, watu bandarini wanamuuliza kapata wapi chambo kile naye anawaambia kwa mke wangu. Hizo wiki mbili ndizo ninazozikumbuka bila ya hofu katika mwaka ule, na hata hizo sasa zimeingia harufu.

Jumatatu moja alifariki mama wa nyumba ya kona. Bi Riziki akatoka na kikapu chake, ukafuatwa ubao msikitini, na ubao haukuwepo. Nilikuwa najua kuna msiba, sikujua zaidi ya hapo. Jioni nikawa nashuka ngazi na sufuria mkononi, nikasikia wanawake uani wanazungumza, nikasimama gizani kwenye kona ya ngazi kwa sababu sauti ya Bi Mgeni, jirani yetu, ilikuwa ya ugomvi.

"Maiti kakoshwa juu ya mlango, shoga! Mlango wa jikoni umeng'olewa, maji yanatuama mgongoni mwake kwa kukosa pa kutokea. Haya ya wapi?"

"Nshasema nliuegemeza juani," akajibu Bi Riziki. Sauti yake ilikuwa chini. "Kila nikimaliza nauegemeza juani. Ukitiwa ndani na maji unaoza."

"Wenzako wote wanautia ndani."

"Ndiyo maana ule wa zamani ulioza."

"Haya, ubao wa msaji, vitundu mistari mitatu, wakfu wa watu walokufa zamani, mtu anaupeleka wapi? Anaulalia? Na wa mwisho kuutia mkononi ni wewe, Riziki. Mimi sisemi kitu. Nasema tu, kikulacho ki nguoni mwako."

Vitundu mistari mitatu. Sufuria ikanitoka, ikashuka ngazi yote, kila kidato kinapiga kelele, na wanawake wote wakageuka kutazama gizani. "Zuhura, umeanguka?" akauliza Bi Riziki. Nikasema sikuanguka, imeniponyoka. Nikapanda juu kwa mikono na magoti. Meza ilikuwa dirishani, vidonge vya uzi juu ya vijiti, rangi rangi, inapendeza. Nikaisogelea nikainusa. Safari hii pua yangu haikunidanganya.

Kilichofuata nilikisikia kutoka juu, nimekaa sakafuni mbali na meza. Bi Riziki alisema, tena kwa nguvu, ili hata wapita njia wasikie: "Isomwe Halbadiri. Ijumaa hii, baada ya sala. Na mimi nisomewe humo humo. Kama n'mie nlouuza ubao wa maiti, niwe mimi wa kwanza kuuhitaji." Kwa asiyejua kwetu, Halbadiri hakosi kuisikia mtu aliyekulia pwani: yanasomwa majina ya watu wa Badr, anashitakiwa kwa Mungu aliyedhulumu na asiyejulikana, na tangu utotoni tunahadithiwa fulani alovimba tumbo, fulani alopotelewa na akili, fulani alorudisha mali huku kinywa kimekwenda upande. Masheikh wengine wanaikataza. Leo mwanangu mmoja ananiambia, "Mama, hayo mambo hayana dalili." Sawa, lakini mwambie hayo msichana wa miaka ishirini, tumbo lina mtoto, na kilichoibiwa kiko chumbani mwake kimekatwa shibiri mbili na hizo shibiri mbili zimeshakuwa majivu.

Jumanne asubuhi Machano alikuwa anakwenda upande wa Kizimkazi, akae huko mpaka Jumamosi. Akatia vyambo vyangu vyote kwenye kopo, kimoja kimoja, anavihesabia majina ya samaki.

"Usende navyo hivyo," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Rangi haijakauka."

"Itakauka njiani."

"Machano, usende tu. Kaa. Naumwa."

Akaniwekea mkono kwenye paji la uso. "Huna homa. Umezoea kunidekea wewe." Akacheka, akaondoka, na mimi nikabaki nimeshika mlango. Kwa akili yangu ya wakati ule, laana haiulizi nani kakata na nani kavulia. Kila kilichotoka kwenye ubao ule kilikuwa kwenye boti pamoja naye. Nikaona Ijumaa watu wanasoma, na yeye yuko baharini, mshipi uko mkononi. Nikaona anavyoletwa. Na halafu, Mungu nisamehe, nikawaza atakoshewa juu ya nini.

Siku zile sikula. Jumatano nilishuka mara mbili nikiwa nimeshalipanga neno langu mdomoni, "Bi Riziki, kuna jambo." Mara ya kwanza nilimkuta anachambua mchele peke yake, hakuna mtu aliyekuja kumsaidia, na ilikuwa si kawaida, uani pale palikuwa hapakauki wanawake. Akaniambia, "Mwanangu, watu wepesi kusahau mkono uliowakoshea mama zao." Nikafungua mdomo. Nikasema, "Chumvi imekwisha juu, naomba kidogo." Mara ya pili nilifika nusu ya ngazi tu. Tulifunzwa mficha uchi hazai, na mimi niliificha aibu yangu huku mtoto ananipiga mateke ndani. Nilijipa sababu, na zilikuwa sababu nzuri: bibi harusi mgeni wa mtaa, nani ataamini kuwa sikujua? Nani ataamini kuwa mtu anaweza kuuona ubao wa maiti akadhani wa sanduku? Na hata nikiurudisha, umekatwa. Ukiurudisha ubao ulokatwa unarudisha ushahidi. Nilifikiria kuutia moto wote, ubaki kama shibiri zile mbili. Nilishika msumeno. Mkono ukakataa.

Alhamisi kabla ya adhuhuri nikasikia ngazi. Tak. Kimya. Tak. Kimya. Mtu anapanda kwa goti moja. Nikajua. Nikavuta shuka ya kitandani, nikaitupia meza juu pamoja na nyuzi zake na koleo lake, nikavipiga vijiti vikalala, nikasimama katikati ya chumba kama mwizi, ndivyo nilivyokuwa. Bi Riziki akatokea mlangoni anahema, ameshika bakuli lililofunikwa.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Shikamoo."

"Marahaba. Siku tatu huli."

"Nakula."

"Unakula nini, nyuzi?" Akatafuta pa kukaa. Kitanda kilikuwa mbali. Akaenda dirishani, akakaa juu ya meza yangu. Alikaa ukingoni, upande usio na koleo, akaniwekea bakuli. "Kula mbele yangu. Uji wa ngano." Nikalishika. Nikawa nakoroga tu. Yeye anazungumza habari za kesho, nani atasoma, masheikh wangapi watakuja, na mkono wake wa kulia umeingia chini ya shuka unapapasa ukingo bila ya yeye kuutazama, kama mtu anavyochezea tasbihi. Ukaenda mbele, ukarudi. Kidole kimoja kikaingia kwenye kitundu, kikatulia. Kikaingia cha pili.

Maneno yakamkatikia kinywani. Hakutazama chini. Alinitazama mimi.

"Umeukata," akasema.

Nikaanguka miguuni pake. Nilisema yote kwa mara moja, fundi, chapati, sanduku la bibi yangu, dirisha, jodari, sijui alifahamu nini katika hayo.

"Kipande kiko wapi?"

"Nshakipikia."

"Umekipikia nini?"

"Muhogo. Ule tulokula."

Akafumba macho. Akasema astaghfirullah mara nyingi, taratibu, na midomo yake ilikuwa myeupe. Halafu akashika mdomo kwa kiganja, na mimi nikadhani atatapika.

"Nlikuwa ntakuja kukwambia, Bi Riziki. Wallahi nlikuwa nakuja."

"Lini?"

Nikauficha uso kwenye kanga yake.

"Nimeitwa mwizi siku nne, mwanangu. Na wewe uko juu ya kichwa changu, kila neno unalisikia." Hakunipigia kelele. Afadhali angenipiga. Akauliza, "Machano anarudi lini?"

"Jumamosi."

"Kachukua manyoya yako?"

"Yote."

Akahesabu siku kwa vidole mpaka Jumamosi, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote zile, kwa sababu niliona kuwa na yeye anaogopa. Yeye ndiye aliyeitaka Halbadiri kwa mdomo wake, mbele ya mtaa mzima, na ilikuwa itamshukia mtoto aliyekuwa akimpakulia chakula. "Isisomwe," akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Lazima isisomwe. Kesho asubuhi tutaushusha. Utashika upande wa nyuma, na mdomo utaufunga."

"Ntasema mwenyewe. Nisamehe, ntasema."

"Utasema nini? Ukitajwa wewe, huyo wa tumboni atazaliwa ana jina kabla ya kupewa jina. Mimi watanisema, watachoka. Na nje nliuacha mimi." Akanyanyuka kwa kuishika meza ile ile. Akasimama mlangoni akaniambia nimalize uji.

Ijumaa, mapema asubuhi, niling'oa miguu na misumari, tukauzungushia mkeka tukautoa. Yeye mbele, mimi nyuma. Mzee Haroub, mwangalizi wa msikiti, alikuwa amekaa barazani na wanaume watatu wanakunywa kahawa. Bi Riziki akautua ubao miguuni pao, akaufunua mwenyewe.

"Huu hapa. Nliutoa mie. Ulikuwa umeanza kuoza mwishoni, nikampa fundi aukate. Nikasahau, Mzee Haroub. Nimesahau kabisa. Mmesumbuka bure, naomba mnisamehe."

Kahawa ilikuwa inapoa mikononi mwao. Mzee Haroub akainama, akapitisha kidole pale nilipokata.

"Fundi gani huyu anakata kombo hivi?"

"Wa Ng'ambo."

"Anaitwa nani?"

"Nimesahau."

Mmoja wa wale wanaume akasema, si kwa ubaya, "Bi Riziki, wewe uloapa mbele ya watu usomewe Halbadiri, ulisahau kama unao?" Bi Riziki akatazama chini. Mzee Haroub akainua macho, akayapitisha juu ya kichwa chake yakanifikia mimi. Alikuwa na macho mazuri, ya mtu anayetaka kuambiwa ukweli. Mpaka leo nikiyafikiria nasema pale palikuwa mahali pangu, nimetengenezewa, nimefunguliwa mlango.

"Na wewe mwanangu, ulikuwa unajua?"

"Sijui kitu, babu," nikasema. "Mimi nimesaidia kubeba tu."

Halbadiri haikusomwa. Jumamosi Machano akarudi mzima, kachomwa na jua, na jodari wawili, na kopo la vyambo vilivyotafunwa, anapiga kelele toka chini ya ngazi nije nione. Nililia mpaka akaogopa. Nikamwambia mimba ndiyo inayonifanya hivi, na kwamba vidole vinaniuma, sitafunga tena manyoya. Alinibembeleza wiki nzima, akaacha. Amekufa bila ya kujua. Mtoto alizaliwa salama, na wengine wakafuata. Wasomaji watadhani basi, hofu ilikwisha. Aa, ilibadilika tu. Nilikuwa nikiogopa kufa, nikawa naogopa kusemwa, na hii ya pili haina siku ya Ijumaa ya kumalizika. Kila mwaka ulipopita nikawa na sababu mpya: sasa ni zamani, sasa watu wamesahau, sasa nitamfanya Bi Riziki aonekane muongo mbele ya Mzee Haroub, sasa Mzee Haroub kafariki. Yeye mwenyewe hakupata kulitaja tena. Nilihama Malindi nikenda Amani na watoto watano, na kila Idi nilimpelekea nguo na sukari, na kila Idi alinishukuru kana kwamba sina sababu ya kuleta.

Lakini siku ninayotaka kuiandika ni ile ya mwezi mmoja baada ya Ijumaa ile. Alikufa mwanamke nyumba ya tatu kutoka kwetu. Habari zilikuja asubuhi. Kutoka dirishani nilimwona Bi Riziki anatoka, kishaoga, kanga safi kichwani, na kikapu chake: pamba, sabuni, majani ya mkunazi, karafuu maiti. Akakaa kwenye kidato cha mlango akakunja mikono ya gauni mpaka juu ya kiwiko, kama alivyokuwa akifanya siku zote kabla ya kuja kuitwa. Watu walikuwa wanapita kwenda msibani. "Shikamoo Bi Riziki." "Marahaba, mwanangu." Bi Mgeni akapita, akamwamkia, akakaza mwendo. Baadaye wakapita vijana wawili wamebeba ubao mpya, mweupe wa mbao mbichi, na nyuma yao mwanamke nisiyemjua, ana kikapu kama chake. Yule mwanamke alimsalimia vizuri. Bi Riziki akamjibu vizuri.

Akangoja. Jua likashuka ukutani mpaka likafika miguuni pake. Sauti za msibani zikapanda, nikajua kuwa maiti keshakoshwa. Bi Riziki akateremsha mkono wa gauni wa kulia, akafunga kifungo, akateremsha wa kushoto, akafunga na hicho. Halafu akainua uso akanikuta pale dirishani. Nilichelewa kurudi nyuma.

"Zuhura," akaniita, "shuka uje ule, chakula kinapoa."

Nikashuka, nikala.